Sakafu mpya ya boti Ziwa Kivu: alumini au multipleksi?

Mwezi wa kumi na moja, tukipakia makala (mkaa) Minova, kijana wetu wa mizigo alizama mguu mpaka gotini katikati ya boti. Mungu alisaidia, hakuvunjika. Ule ubao kwa juu ulikuwa bado unang'aa rangi ya bluu. Nilipoung'oa, upande wa chini ulikuwa mweusi na laini, unanuka kama mihogo iliyosahauliwa kwenye maji. Kidole kiliingia bila nguvu. Ilikuwa tripleksi, ubao wa tabaka zilizounganishwa kwa gundi, tuliyouziwa kwa kiapo kwamba "haiogopi maji", na haikumaliza hata miaka miwili.

Tangu siku hiyo nimesimamia kubadilisha sakafu za boti tatu hapa Goma: yetu ya mbao ya mita 9, ya shemeji yangu inayokwenda Idjwi, na kanoti moja ya alumini. Watu wananisimamisha bandarini Kituku kuniuliza swali lilelile: ninunue alumini au multipleksi? Jibu langu hutegemea kwanza boti yenyewe imetengenezwa kwa nini. Boti ya mbao, nunua multipleksi ya kofraji. Boti ya alumini, nunua alumini. Mengine yote yanafuata hapo, lakini ukiishia hapo tu utapoteza pesa, kwa sababu sakafu nyingi huuawa na maji yanayobaki chini yake, na hayo hayajali umenunua nini.

Ya kwanza: multipleksi ya kofraji, milimita 18

Ni ile ya kahawia inayong'aa, ambayo waashi wanamwagia zege. Mji wetu haupumziki kujenga, kwa hiyo mabamba haya yapo katika maduka ya vifaa vya ujenzi Birere na kwingineko. Uso wake umefunikwa kwa ngozi ngumu ya rezini, na gundi iliyo kati ya tabaka, ikiwa bamba ni zuri, ni ile inayovumilia maji. Hapo kwenye "ikiwa" ndipo pa kukaza macho.

Usiangalie uso, nyuso zote ni nzuri. Geuza bamba, angalia ukingo, uhesabu tabaka. Tabaka nyembamba na nyingi ni dalili njema. Tabaka chache nene, zenye matundu meusi katikati ambapo unaweza kuingiza ncha ya kalamu, ni bamba la kuacha dukani. Maji yakiingia kwenye tundu moja la namna hiyo hayatoki tena. Kisha gonga kwa sarafu kutoka kona hadi kona: mlio ukibadilika na kuwa mtupu, tabaka zimeachana humo ndani.

Baada ya hapo omba kipande kilichobaki, cha ukubwa wa kiganja, ukichemshe. Mimi nakiweka kwenye sufuria juu ya makala kuanzia asubuhi hadi saa sita, nakianika mpaka kesho yake, nakichemsha tena. Gundi ya ndani ya nyumba inaachia siku ya kwanza. Tabaka zinafunguka kama kitabu kilichonyeshewa. Gundi ya kweli inabaki imeshika hata mbao zenyewe zikivimba kidogo. Muuzaji akikataa kukupa kipande, nunua kwa mwingine. Kipimo hiki kingetuokoa na ile tripleksi ya bluu.

Tahadhari mbili. Watu wanauza mabamba yaliyokwisha kutumika kwenye majengo, kwa bei inayovutia sana. Yameshatobolewa misumari, kingo zake zimekunywa maji ya saruji kwa miezi, na ngozi ya juu imechunika. Yaache. Pili, uso laini ukilowa unateleza vibaya sana. Kuna aina ambayo upande mmoja una alama za wavu, ile ya kutandika kwenye malori. Ukiipata, chukua hiyo. Ukikosa, paka rangi ya mafuta upande wa juu, na ikiwa bado mbichi nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa, kisha rudia rangi. Mchanga wetu mweusi wa volkano unafanya kazi hii vizuri mno, ila ni huohuo unaotafuna rangi ukija chini ya viatu kila siku, kwa hiyo fagia.

Ukishakata bamba, ule ukingo mpya hauna ulinzi wowote. Mafundi wengi hukata, hupigilia, huondoka. Mlipe fundi siku moja zaidi: kila ukingo upakwe mara tatu, kila tundu la visi (skrubu) lipakwe ndani kabla visi haijaingia, na upande wa chini upakwe kwa uangalifu kuliko wa juu. Kati ya kipande na kipande acha nafasi ya milimita 5 hivi, maana mbao itavimba tu, hata ungefanya nini.

Ya pili, na ya kwanza kwa kanoti ya alumini: bamba la alumini lenye vinundu, milimita 3

Naipenda alumini. Haiozi, haina funza, haihitaji rangi, ukimwagia sambaza, wale samaki wadogo, unaosha kwa ndoo moja na harufu inakwisha. Kwa wavuvi wanaorudi kila alfajiri na sakafu iliyolowa, ni chaguo la kufikiria kwa makini hata kama boti ni ya mbao. Bei yake ni mara kadhaa ya multipleksi, na hapo ndipo wengi huishia. Mimi nataka uelewe mambo matatu kabla hujakimbilia au kukimbia.

La kwanza ni uzito. Kila mtu anasema alumini ni nyepesi. Bamba la mita 1.22 kwa 2.44 la milimita 3 lina kilo 24 hivi. Multipleksi ya milimita 12 ya ukubwa huohuo ina kilo 20 hivi, na ile ya 18 ina kati ya 30 na 35. Kwa boti kama yetu, inayochukua mabamba manne, alumini inakupunguzia kilo 40 kwa wingi. Hiyo haifikii mfuko mmoja wa saruji.

La pili linakula hata hizo kilo 40. Alumini ya milimita 3 inapinda. Kama madini ni ngumu kuliko mbao, lakini ugumu wa sakafu hutawaliwa na unene: ukizidisha unene mara mbili, bamba linakuwa gumu mara nane. Ndiyo maana multipleksi ya milimita 12 inapinga kupinda mara saba hivi kuliko alumini ya milimita 3. Ukiiweka juu ya mbavu zilizoachana sentimita 60, kama zilivyo katika boti nyingi za hapa, itabonyea chini ya mtu mwenye gunia, na kila ikibonyea inavuta misumari yake. Inabidi uongeze mbao za kushikilia, mbavu ziwe kila sentimita 30. Mbao hizo zina uzito na bei. Mwambie fundi azihesabu mapema, zisije zikakushangaza kazi ikiwa katikati.

La tatu ni la maji yetu. Mama yeyote anajua sufuria ya alumini inavyogeuka nyeusi ukiichemshia maharage yenye magadi. Alumini inajilinda kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi, na ngozi hiyo inatulia kwenye maji ya pH kati ya 4 na 8.5 hivi. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yanakaribia 9. Usiogope, boti ya alumini inaishi ziwani bila tabu ikioshwa na kukaushwa. Tatizo ni dimbwi lililosimama chini ya sakafu: saruji iliyomwagika kutoka kwenye mfuko uliopasuka, majivu ya jiko la mpishi, matope, vyote vimelala pamoja miezi sita. Nilifungua kanoti moja nikakuta unga mweupe, na chini ya unga vishimo vya kuingiza kichwa cha msumari. Mzigo wako mkubwa ukiwa saruji ya kupeleka Idjwi au Kalehe, alumini si rafiki yako.

Kuhusu kuunganisha: mtu akikuambia ataichomelea kwa mashine yake ya kawaida ya milango na madirisha ya chuma, mwache. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ile ngozi yake ya oksidi inahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Bila mashine ya gesi ya argoni na mkono uliozoea, utapata matone na matobo. Tumia riveti za alumini au bolti za inoksi (chuma kisichoshika kutu) zenye washa ya mpira au ya plastiki, ili inoksi isigusane moja kwa moja na bati. Shaba kamwe, hata visi moja. Na usilaze alumini juu ya mbao zile za kijani zilizotiwa dawa: dawa hiyo kwa kawaida ina shaba ndani yake, na ikilowa inakula bati taratibu kutoka chini, usikoona.

Jua la saa sita pia ni jambo la kweli. Abiria wetu wengi ni akina mama wanaovua viatu na kukaa chini na watoto. Alumini isiyo na turubai juu yake inawachoma.

Ya tatu: multipleksi ya bahari ya okume

Hii ndiyo bora kuliko zote kwa ubao wenyewe. Kipimo chake kinaitwa BS 1088, alama hiyo hupigwa kwenye bamba: gundi isiyoachia hata kwenye maji yanayochemka, na tabaka za ndani zisizo na matundu. Okume ni nyepesi pia. Naiweka ya tatu kwa sababu moja: mti wenyewe hauna ukaidi wa kuoza, kwa hiyo inadai kufunikwa epoksi (rezini ya kuchanganya inayozuia maji) pande zote na ikiwezekana faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) juu. Ukijumlisha bamba la kuagiza, epoksi, na fundi anayeijua, umeshafika bei ya alumini au umeipita. Rezini ya polista wanayotumia wanaonyoosha bodi za magari haishiki mbao vizuri kama epoksi. Baada ya muda inabanduka kipande kizima, na chini yake unakuta unyevu uliofungiwa. Kwa boti ya utalii au ya familia, yenye mwenye kuitunza, nunua. Kwa boti ya makala, hapana.

Mbao nzima

Wazee wa pirogi watanilaumu nikiziruka, na wana haki. Mbao nyekundu za libuyu, unene wa sentimita 2 na nusu, zilizoachiwa nafasi ya kidole kati yake, ni sakafu ya kuheshimiwa kwa boti ya mizigo. Maji yanapita, hewa inapita, na ubao mmoja ukichoka unabadilisha huo mmoja. Ni nzito, na mtoto anaweza kunasa kidole cha mguu. Mkaratusi ni rahisi kupata lakini unajikunja na kupasuka ukikaushwa haraka. Mimi nautumia kwa mbao za kukalia tu.

Bati la chuma sitalirefusha: bamba la milimita 3 lina kilo 70, na linashika kutu. Na ile tripleksi nyembamba ya dari ni ya dari.

Kabla hujafungua pochi

Chochote utakachochagua, kikate vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kuinua, kama sentimita 60 kwa 120, na angalau kimoja karibu na moteri kisifungwe kwa visi nyingi. Hapo utachota maji na kuangalia kila juma. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukimwagika kutoka kwenye bidoni unashuka na kulala chini ya sakafu, na sakafu iliyozibwa kabisa inaigeuza boti yako kuwa hatari kwa sigara moja. Acha matundu mbele na nyuma. Usijaze chini yale mapovu meupe ya kufungia televisheni ukidhani yatakusaidia kuelea: petroli inayayeyusha.

Na kumbuka kilichotokea Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama ikiwa imekaribia Kituku na watu kupita kiasi. Sakafu mpya, ngumu, safi, inamfanya nahodha aone boti inaweza kubeba zaidi. Haiwezi. Kilo za sakafu zihesabiwe ndani ya mzigo.

Fanya kazi hii kati ya mwezi wa sita na wa nane, mvua ikiwa imekatika. Ng'oa sakafu ya zamani kwanza, acha mbavu wazi zikauke wiki mbili, kisha pita na ncha ya kisu kwenye kila ubavu na kwenye mkuku. Kisu kikiingia kama kwenye parachichi, pesa ya sakafu isubiri, badilisha ubavu. Kwenye boti yetu nilikuta mbili laini, zote chini ya mahali pa kuwekea matangi ya petroli, ambapo hakuna aliyewahi kuinua ubao tangu boti itengenezwe. Nilikuwa nimepanga mabamba matano ya kofraji. Nilinunua manne, na pesa ya la tano ikaenda kwenye mbavu.