Vipande vya kuungia ioni: uzoefu wangu baada ya muhula mzima

Nafundisha kemia ya mwanzo, na muhula huu nimetumia seti ya vipande vya plastiki vya kuungia ioni. Kila kipande ni ioni moja, yaani atomi au kundi la atomi lenye chaji ya umeme. Ioni chanya zina meno, ioni hasi zina mapengo, na idadi yake ndiyo chaji: sodiamu jino moja, kalsiamu mawili, aluminiamu matatu; kloraidi pengo moja, oksaidi mawili. Meno yote yakishapata mapengo yake, fomula imetimia. Kwa kufundishia fomula, sijatumia kifaa kingine kinachofikia hiki.

Mpe mwanafunzi aluminiamu na oksaidi kisha umwache. Akiunga moja kwa moja, linabaki jino moja. Anaongeza oksaidi ya pili, sasa limebaki pengo. Anatafuta aluminiamu nyingine, yanazidi meno mawili, na oksaidi ya tatu inayafunga yote. Meno 6, mapengo 6, Al₂O₃. Wengi wamezoea kuvusha namba kutoka chaji ya huku kwenda chini ya alama ya kule bila kujua kwa nini, ndiyo maana wanaandika Mg₂O₂ na kuona ni sawa. Hapa kipande kimoja cha magnesiamu na kimoja cha oksaidi vinafungana papo hapo, hakuna cha kuongeza.

Nimependa pia kwamba haidroksaidi, naitreti na salfeti kila moja ni kipande kizima kisichovunjika. Mwanafunzi akiunga kalsiamu na haidroksaidi mbili, anaona wazi kwamba kilichorudiwa ni OH yote, na mabano ya Ca(OH)₂ hayamsumbui tena. Amoniamu nayo imo upande wa meno kama NH₄⁺, kwa hiyo amoniamu naitreti inaungika vizuri ingawa haina metali hata moja.

Kwenye majina ndipo seti inapopwaya. Nyuma ya kila kipande pameandikwa jina, unasoma la chanya kwanza, kisha la hasi. Kwa sodiamu kloraidi inatosha. Lakini naitraidi, naitreti na naitraiti zimepewa rangi moja na maandishi madogo mno, wakati N³⁻, NO₃⁻ na NO₂⁻ ni vitu vitatu tofauti kabisa. Nimelazimika kuzibandikia lebo zangu.

Chuma kina vipande viwili, cha meno mawili na cha meno matatu, na hapo watengenezaji wamefikiri vyema. Shaba wameipa kimoja tu, chenye meno mawili, kwa hiyo CuO nyeusi inaungika na Cu₂O nyekundu haiungiki. Namba ya Kirumi katika jina, inayoonyesha chaji ya metali, ninaifundisha kwa kurudi nyuma: Fe₂O₃ ina oksaidi tatu, yaani mapengo 6, gawia chuma mbili, kila kimoja kina 3, basi ni chuma(III) oksaidi. Na msikubali “magnesiamu dikloraidi”. Kuhesabu kwa di- na tri- ni kwa kampaundi zisizo za ioni, kama kaboni dioksaidi. Kwenye ioni chaji zimekwisha kuamua idadi.

Kijikaratasi cha maelezo ndicho kilichonikera. Kinaita kipande cha sodiamu kilichoungwa na cha kloraidi “molekuli ya chumvi”. Hakuna molekuli hapo, yaani kundi la atomi lililoungana na kujitenga na mengine. Katika fuwele ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na kloraidi 6, na kila kloraidi na sodiamu 6, pande zote, na NaCl ni uwiano tu. Mvutano huo wa pande zote ndio unaofanya chumvi isiyeyuke mpaka nyuzi 801 za Selsiasi, na magnesiamu oksaidi, yenye chaji za 2 kwa 2, ipite 2,800. Mwanafunzi aliyeshika picha ya vipande viwili vilivyojitenga hawezi kueleza joto hilo linatoka wapi.

Pia vipande vinaanza pale elektroni zilipokwisha kuhama. Kabla ya kufungua boksi, chora kwanza sodiamu 2.8.1 (idadi ya elektroni katika kila gamba, kutoka ndani kwenda nje) ikiipa klorini 2.8.7 elektroni yake ya nje, zote zibaki na magamba yaliyojaa. Kwa anayejisomea peke yake, nashauri aanze na michoro hiyo, vipande vifuate, na kijikaratasi akiweke kando. Kwa darasa kubwa seti moja haitoshi: vipande vya oksaidi huisha mapema kuliko vyote.