Matairi ya spidi ya msimu wa joto: ninavyoyapanga, la kwanza hadi la sita

Ukikusanya maneno ya madereva kuhusu matairi haya utachanganyikiwa. Mmoja anaapa kwamba Bridgestone Potenza Sport limemfufulia gari. Mwingine, mwenye tairi hilo hilo, ananung'unika kwamba limeisha kabla hajalizoea. Wote wawili wanasema kweli. Gari la kwanza ni jepesi na huendeshwa barabara zenye kona nyingi. La pili ni zito, linasukuma kwa magurudumu ya nyuma, na mwenyewe hapendi kusubiri taa ya kijani iwake vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo wasifiaji wengi hulisahau: wanalinganisha tairi jipya na lile lililovuliwa likiwa karibu kipara. Hapo tairi lolote litashinda. Mimi humpa uzito zaidi dereva anayeeleza tairi likiwa limefika nusu ya umri wake, au aliyerudi kununua seti ya pili ya aina hiyo hiyo. Sifa za wiki ya kwanza nazisoma kwa heshima, kisha naziweka pembeni.

Kabla ya majina, tuelewane tunazungumzia nini. Tairi la msimu wa joto limetengenezwa kwa mpira unaofanya kazi vizuri hewa na lami zikiwa na joto. Nyuzijoto zikishuka chini ya 7 hivi, mpira huo unaanza kukakamaa na mshiko unapungua, hata kama barabara ni kavu. Kwenye theluji na barafu halifai kabisa, na watengenezaji wa aina kali huonya kwamba mpira ulioganda unaweza kupasuka ukiliendesha gari au hata ukilipinda tairi wakati wa kulifunga. Pasipo baridi ya namna hiyo, hili ni tairi la mwaka mzima, na hakuna sababu ya kununua lile la misimu yote ambalo limepunguziwa uwezo ili livumilie theluji isiyokuja.

Kipimo changu cha kwanza ni maji. Matairi ya daraja hili yote hushika lami kavu kuliko dereva wa kawaida anavyoweza kudai barabarani, na tofauti zake huonekana zaidi kwenye viwanja vya mashindano. Mvua ikinyesha ndipo mita za breki zinapoachana. Kipimo cha pili ni kasi ya kulika, cha tatu usukani, na cha nne kelele. Ukipanga kwa mpangilio mwingine utapata orodha nyingine, nami sitabishana nawe.

Nafasi ya kwanza naipa Continental SportContact 7, lililotoka mwaka 2021. Kwenye breki za mvua ni gumu kulipita, na halipunguzi mshiko wa kwenye kavu ili likupe hilo. Madereva wanaotoka kwenye matairi makali zaidi hushangaa kwamba halipigi mashimo kwa ukali waliouzoea. Jambo la kuvutia ni kwamba Continental hawakuchora tairi moja na kulitandaza kwenye saizi zote: mchoro wa juu umebadilishwa kulingana na aina ya gari, kuanzia magari madogo hadi yale ya nguvu za kutisha. Ndiyo maana maelezo ya mwenye gari dogo yasikuongoze moja kwa moja kama wewe una gari zito. Malalamiko yapo. Wanaolipeleka uwanjani siku nzima wanasema mabega ya nje, yaani kingo za uso wa tairi, yanalainika na kulika upesi. Kwa barabara za kawaida hilo si hoja kubwa.

La pili ni Michelin Pilot Sport 4S, nalo limekaa pale kwa sababu moja inayojirudia midomoni mwa wenye nalo: linadumu. Lilitoka mwaka 2017 na bado wapya wanapimwa dhidi yake. Upande wa nje umefinyangwa kwa mpira uliolengwa kwa kona za kavu, upande wa ndani kwa mpira wa kukabili maji, na chini yake umo mkanda wa nyuzi za nailoni na aramidi (nyuzi za viwandani zilizo imara sana), unaozuia tairi lisitanuke likizunguka kwa kasi. Dereva halioni hilo. Anachokiona ni kwamba gari linabaki lile lile mwendo ukipanda. Kwenye mvua nzito SportContact 7 linaliacha kidogo, na hicho ndicho kilichonifanya niliweke la pili. Anayesafiri kilomita nyingi kila mwaka anaweza kuzigeuza nafasi hizi mbili bila kuniomba ruhusa, maana bei ya tairi ni lazima igawanywe kwa kilomita litakazokupa, na kwa hesabu hiyo ghali huweza kuwa rahisi. Mrithi wake, Pilot Sport S 5, ni kali zaidi, lakini saizi zake zinalenga magari ya juu kabisa.

Hapa niseme jambo kuhusu saizi. Pilot Sport 4S lipo zaidi kwa rimu za inchi 18 na kuendelea. Mwenye rimu za inchi 17 asihangaike kutafuta jina hilo wala asibadilishe rimu kwa ajili yake. Atazame Pilot Sport 5, la mwaka 2022, ambalo ni jepesi wa tabia, linalika taratibu, na kwa gari la kawaida lenye injini ya kutosha huenda ndilo chaguo la busara kuliko yote niliyoyataja. Sikulipa namba kwenye orodha kwa sababu ni la daraja la chini kidogo kwa ukali. Lakini wengi wanaouliza habari za 4S wangetosheka nalo.

La tatu, Goodyear Eagle F1 Asymmetric 6. Hili ni tairi la mtu anayeishi na gari lake: watoto nyuma, safari ndefu, mvua ya ghafla, na kona mbili tatu za kujifurahisha njiani. Kwenye maji linajiamini. Linapita juu ya viungo vya madaraja bila kugonga, na halivumi sana. Ubaya wake ni usukani. Ukiukata haraka kuna kitambo kifupi kabla pua haijaitika, na dereva aliyezoea gari kali ataling'amua siku ya kwanza. Asiyejali hilo atakuwa amepata tairi bora kwa maisha ya kila siku.

Bridgestone Potenza Sport ni la nne, na kama ningepanga kwa moyo lingekuwa juu zaidi. Usukani wake ni wembe. Ubavu ni mgumu, unaitikia pale pale, na kwenye kavu halina haya. Hata kwenye mvua halibabaishi likiwa jipya. Tatizo ni kwamba linakula mpira wake upesi, na malalamiko hayo yanatoka kwa watu wa magari tofauti kabisa, hivyo siwezi kuyaita bahati mbaya. Ubavu ule ule mgumu unakuletea kila kokoto hadi kiunoni. Kwa gari la mwisho wa wiki, nunua bila kusita. Kwa gari la kwenda kazini kila siku, hesabu kwanza.

Nafasi ya tano naipa Hankook Ventus S1 evo3, kwa niaba ya kundi zima la matairi yanayogharimu kidogo kuliko majina makubwa na kutoa karibu kila kitu: Falken, Toyo, Kumho, Vredestein na wenzao wana matairi ya namna hii. Hankook limefungwa kiwandani kwenye magari ya Kijerumani, kwa hiyo si la kudharauliwa. Kinachokosekana hujitokeza pembezoni: mita kadhaa za breki kwenye maji, au gari kuelea mapema kidogo kwenye dimbwi refu. Ushauri wangu hapa ni mmoja. Pesa ikibana, ni heri tairi jipya la kundi hili kuliko jina kubwa la mtumba ambalo hujui liligonga nini.

Pirelli P Zero ni la sita, na najua wapo watakaokasirika. P Zero si tairi moja bali ukoo. Chini ya jina hilo kuna matoleo mengi yaliyopikwa kwa ajili ya gari fulani kwa ombi la kiwanda chake, na tofauti kati yao ni kubwa. Tazama ubavuni: nyota ni BMW, MO ni Mercedes-Benz, AO ni Audi, na N yenye tarakimu ni Porsche. Ukipata lenye alama ya gari lako, P Zero linapanda ngazi kadhaa papo hapo, kwa sababu liliundwa pamoja na springi na usukani wa gari hilo. Ukichukua lolote tu kwa kuvutwa na jina, unaweza kupata la kawaida kwa bei isiyo ya kawaida. Na habari za Formula 1, ambako Pirelli ndiye mgavi pekee tangu 2011, ziache zilipo: mpira ule haukutengenezwa kwa gari lako.

Kuna jamii moja ambayo siiweki kwenye orodha kabisa, nayo ni matairi ya uwanjani yaliyoruhusiwa barabarani, kama Michelin Pilot Sport Cup 2. Mifereji yake ni michache, na kwenye maji yaliyotuama mtu anahitaji kuendesha kwa adabu kubwa. Ni mazuri kwa kazi yake. Kazi yake si ya kukurudisha nyumbani usiku wa mvua.

Sasa dukani. Chukua mfano wa 225/45 R17 94Y. Upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, rimu ni inchi 17, 94 ni alama ya uzito ambao kila tairi linaweza kubeba, kilo 670, na Y ni mwendo hadi kilomita 300 kwa saa. W ni 270, V ni 240. Saizi hiyo hiyo yaweza kuuzwa ikiwa na 91, ambayo hubeba kilo 615 tu. Usishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, hata muuzaji akikuambia ni sawa tu.

Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni. 1424 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2024. Tairi lililotunzwa kivulini kwa mwaka mmoja halina neno. Lenye miaka mitano rafuni sitalilipia bei ya jipya.

Lebo ya Umoja wa Ulaya, yenye herufi A hadi E, inasaidia ila isikupumbaze. Herufi ya mvua hupimwa kwa breki kwenye mstari ulionyooka, kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa, tairi likiwa jipya. Haisemi lolote kuhusu kona, wala kuhusu dimbwi, wala kuhusu tairi hilo likibaki na milimita tatu za kina cha mifereji. Namba ya ulikaji ya Kimarekani, ile 300 au 340 iliyochongwa ubavuni, hutolewa na mtengenezaji mwenyewe. Tumia kulinganisha matairi ya kampuni moja. Kati ya kampuni na kampuni haina uzito huo. Ndiyo sababu napendelea majaribio ya watu wa nje. Chama cha magari cha Ujerumani, ADAC, tangu 2023 hugawa alama asilimia 70 kwa usalama na 30 kwa mazingira, ukiwemo ulikaji, na mizani hiyo inakaribiana na yangu.

Baada ya kufunga, nusu ya malalamiko ninayoyasikia yanaponywa na kipimo cha upepo. Tairi likipungukiwa linalika mabegani na usukani unakuwa mzito; likizidishwa linalika katikati na gari linarukaruka. Pima likiwa la baridi, kwa namba ya kwenye fremu ya mlango. Ile ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni ni ukomo, usiijaze. Fundi apange pia mwelekeo wa magurudumu, la sivyo tairi bora duniani litaliwa upande mmoja. Kilomita mia kadhaa za mwanzo endesha kwa upole: uso wa tairi bado una utelezi wa kiwandani, na mshiko kamili haujafika.

Sheria katika nchi nyingi zinaruhusu kwenda hadi milimita 1.6 za kina cha mifereji. Kwa matairi mapana kama haya mimi naishia tatu, maana upana ule ule unaokufaa kwenye kavu ndio unaoyafanya yaelee upesi yakiisha mifereji. Na ukiwa na pesa ya matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Ya mbele yakiteleza kwenye maji utahisi usukani umekuwa mwepesi na utapunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari limeshaanza kugeuka.