Leso ya Biashara Street kwa kushona kwilti ndogo: nimeifua, nimeikata, nawapa majibu

Huu mwaka wa pili nashona kwilti ndogo, zile blanketi za viraka lakini za kutundika ukutani ama kumfunika mwanasesere wa mtoto, na kila anayeziona swali lake la kwanza ni kitambaa natoa wapi. Natoa Biashara Street hapa Mombasa. Ni leso jamani, leso hizi hizi za kujifunga, na leo nimekaa niiandikie rivyu yake manake inastahili.

Kwanza mjue tunaongea udogo gani. Kule Paducah, Kentucky, kwenye mashindano makubwa ya kwilti ya Marekani, kundi la ndogo mwisho wake ni inchi 24 kila upande. Yangu niliyomaliza juzi ni inchi 18, na hapo kati mna viraka 129, vile vidogo ni inchi moja moja vikishashonwa. Sasa kwa kazi kama hiyo kitambaa kikiwa kizito umekwisha, manake kila kiraka kina mshono pande zote nne na pale mishono inapokutana panavimba kama kifungo.

Nlianza na kitenge kama watu wengi. Kitenge kizuri sana kwa gauni, lakini ua lake unalikuta kubwa kama sahani, ukilikata inchi moja linabaki rangi tu, halafu kile cha nta ni kigumu hakitaki kulala. Leso ni pamba nyepesi, ukiipiga pasi inatii, na uzuri wake wote kwangu uko kwenye pindo. Angalieni pindo kwa karibu siku moja, si kwa kupita tu. Mna vikorosho, vidoti, vijani vya kufuatana, vijimistari, vyote vidogo, yaani ukikata inchi moja na nusu unapata picha kamili ndani ya kiraka. Mji nao, ile sehemu ya katikati yenye michoro mikubwa, situpi, naufanya mgongo wa kwilti, kwa hivo leso moja inanitolea mbele na nyuma.

Nikiambiwa nichague moja tu ntachukua kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, mchoro umebanana hauachi nafasi, popote unapokata panafaa. Tumezoea kuiona harusini, lakini kwenye viraka tisa tisa, yaani mistari mitatu ya viraka vitatu, inang'aa mpaka raha.

Bei, pea ya mwisho nlinunua mia saba. Kila leso ni kama mita moja na nusu kwa mita na kitu, na kwilti nzima haikumaliza hata nusu ya leso moja, ile pacha yake naivaa nyumbani mpaka leo.

Sasa mambo ya kuangalia. Si kila leso ni pamba. Kuna siku nlinunua moja haraka haraka, rangi imenipendeza sikuuliza kitu, nikafika nyumbani nikaiwekea pasi ya moto ikajikunja na kunata, viraka 20 na zaidi vikaenda hivyo. Tangu hapo navuta uzi mmoja pembeni nauchoma na kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na jivu lake ukiligusa linasagika, nailoni na polista zinayeyuka zinaacha kipunje kigumu. Muulize mwenye duka kwanza, wengi wanakupa uzi bila neno. Ile yenye jina la K.H.E. Mali ya Abdulla, kampuni ya leso ya hapo hapo Biashara Street tangu 1887, kwangu haijawahi kuniangusha, na nimeishakata pea nne zake.

Ingine ni rangi. Leso mpya inakuja na wanga wa kiwandani, inasimama yenyewe, na utashawishika uikate hivo hivo kwa vile inakatika vizuri. Usikate. Ifue kwanza, nyekundu hasa, suuza mpaka maji yawe meupe, halafu iache na kitambaa cheupe kibichi juu yake usiku mmoja uone kama kimeshika rangi. Ikishakauka irudishie wanga wewe mwenyewe, ule ule tunaotilia kanzu, pasi, ndo ukate. Hapo inakaa kama karatasi na kiraka hakivutiki pembeni.

Kushona natumia Singer nyeusi ya mkono aliyoniachia nyanya yangu, na kwa kazi hii ni cherehani tamu kweli, lile tundu la bamba inaposhukia sindano ni dogo halimezi pembe ya kitambaa. Mwenye cherehani ya kisasa yenye tundu pana aanze na kitambaa kibovu kwanza halafu aingize kiraka, nyuma yake. Sindano namba 11, hatua fupi. Katikati siweki pamba ya mto, inafanya kwilti ndogo ionekane kama godoro, naweka flaneli moja, shuka kuukuu la mtoto.

Na raha yake niwaambie iko wapi. Watoto wakilala baada ya Isha, kazi yote inaenea kwenye sinia moja, sihitaji kuhamisha meza wala kumuondoa mtu sebuleni. Mstari wa kwanza napigia mishono pasi kwenda kulia, wa pili kwenda kushoto, nikiilaza pamoja nasukuma kwa kidole taratibu mpaka mshono uumane na mwenzake, unausikia kwenye ncha ya kidole kabla hujauona, kisha ukifungua unakuta pembe nne zimekutana kwenye nukta moja. Nimeshona magauni miaka mingi na sijawahi kupata kitu kwenye gauni kinachonipa furaha kama hiyo nukta.

Jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, pia musilitupe. Hii ya mwisho ilikuwa imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Kwenye inchi 18 maneno yote hayaingii, nikakata utepe nikaweka TAMAA SIKATI chini ya kwilti mbele, na JAPO SIPATI nikaishona nyuma, pale inapotundikwa, anayeijua leso anaweza kuigeuza akasoma mwanzo wake. Dadangu amesubiri mtoto miaka sita na sasa amejaaliwa, kwilti nimempa yeye. Aliigeuza mwenyewe bila kuambiwa.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu naikata kwa sababu ukipenda rangi fulani nunua pea mbili siku hiyo hiyo, mchoro ukiisha huenda usiuone tena. Mimi kuna ya samawati yenye vikorosho vyeupe naitafuta tangu mwezi wa Ramadhani, nimebakisha mistari miwili kumaliza kwilti ingine, na Jumamosi naenda tena kuanzia duka la kwanza mpaka la mwisho nikiwa na kipande mkononi.