Thunderbird kwa barua za maandishi matupu: mistari haikatwi ovyo tena

Nina kama miaka miwili natumia Thunderbird, programu ya barua pepe, kwenye laptopu kwa barua pepe za kazi, na naandika hii kwa wale wanaotuma maandishi matupu, bila rangi bila fonti, maneno tu. Kama barua zako ni za mapambo pengine haikuhusu.

Mi natafsiri, na wateja wangu wengine hawataki viambatanisho, wanataka kazi ndani ya barua yenyewe. Zamani nilikuwa na huduma moja ya kwenye brauza, kwangu inaonekana safi kabisa, mteja akifungua kwenye simu anakuta mstari mrefu, unaofuata maneno mawili, tena mrefu, tena mawili, kama kitana kilichong'oka meno. Kuna mteja alinirudishia kazi akidhani nimekatakata aya zake makusudi, iliniuma kweli.

Kumbe ile huduma ilikuwa inapiga enta yenyewe kila ikikaribia herufi 78 (huo ndio ukomo unaoshauriwa na RFC 5322 ya 2008, RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti), na simu inaingiza tuseme 45, kwa hiyo mstari unakatwa mara mbili, kwanza na anayetuma halafu na skrini. Na Kiswahili kinaumia zaidi maana maneno yetu marefu, "wanaposhughulikiwa" peke yake ni herufi 18, likikosa nafasi linaruka zima zima chini linaacha pengo.

Sasa Thunderbird yenyewe inakata kwenye 72, inabaki nafasi ya zile alama za > zinazowekwa mbele ya mistari ya barua inayojibiwa, watu wakijibizana mara tatu nne. Lakini kilichonifurahisha hasa ni hiki: mstari ukikatwa na programu unaachiwa spesi moja mwishoni, enta uliyopiga wewe haina hiyo spesi, basi programu ya mpokeaji ikiiona spesi inajua hapa paunganishwe, na aya inajipanga upya kulingana na upana wa skrini yake. Spesi moja tu jamani, hata huioni! Mtindo wenyewe unaitwa format=flowed, upo kwenye RFC 3676 tangu 2004. Ile alama ya kutenganisha sahihi (jina lako na anwani mwishoni mwa barua), vistari viwili na spesi, imeachwa pembeni kwa makusudi, haiunganishwi.

Kwa sababu hiyo hiyo hata orodha ya bei inafika bila mistari yake kuunganishwa, mradi kila mstari nimeufunga kwa enta kabla ya herufi 72. Ukijibu barua ambayo nukuu zake zimevurugika, bonyeza Ctrl+R inazipanga upya na alama za > zinabaki mahali pake. Neno ukiliweka kati ya nyota mbili, *hivi*, Thunderbird ikilionyesha inalikoleza.

Kasoro zipo. Ukiisakinisha mpya inaandika HTML, yaani barua za mapambo, lazima uingie kwenye seting za akaunti uondoe tiki, au ushike Shift unapobonyeza kitufe cha kuandika barua mpya. Na ukitaka mistari isikatwe kabisa, mfano unatuma vipande vya programu, inabidi ushuke mpaka Config Editor, ile orodha ya seting za ndani, uweke mailnews.wraplength iwe 0 na mailnews.send_plaintext_flowed iwe false, na ukishabadilisha imebadilika kwa barua zote, mpaka urudi tena kurekebisha. Hapa panahitaji kitufe kwenye dirisha la kuandikia, cha kuwasha na kuzima kwa barua moja moja.

Halafu sio kila programu ya mpokeaji inaelewa format=flowed, isipoelewa kitana kinarudi pale pale. Mi mteja mpya namtumia kwanza aya moja ndefu namwomba anipigie skrinshoti ya simu yake, ikiwa imekatika ndio namshawishi apokee faili.

Ni ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux. Naipa nne kwa tano, moja nimeizuia mpaka hicho kitufe kije.