Kadi za picha za kuzidisha: maoni ya mnunuzi wa Lamu

Kadi hizi nilizinunua kwa shilingi 450 katika duka moja la vitabu mtaani Langoni, kwa ajili ya binti yangu wa miaka tisa, ambaye jedwali la kuzidisha analolikariri asubuhi humtoka kabla ya adhuhuri, ilhali mchoro akiuona mara moja hausahau tena. Pakiti inafikia 10 mara 10 kwa kadi 55 zenye safu za nukta badala ya kadi 100, na hilo si upungufu: ukiigeuza kadi upande, safu 3 za nukta 7 huwa safu 7 za nukta 3, na jawabu hubaki 21.

Kilichonifurahisha zaidi ni rangi zinazoligawa umbo kubwa. Nukta za 7 mara 8, tatizo la watoto wengi (na la wazazi wasiokiri), zimetenganishwa kuwa 5 mara 8 na 2 mara 8, yaani 40 na 16, na binti yangu akaiona 56 bila kuimba chochote. Jioni ile alilitazama bao la babu yake barazani, safu 4 za mashimo manane, akasema, “Babu, hapa pana thelathini na mbili,” kabla hajayahesabu.

Karatasi ya kadi hizi, hata hivyo, ni nyembamba mno kwa unyevu wa pwani, nayo ilijikunja ndani ya wiki moja. Isitoshe, kadi ya 6 mara 9 ilichapwa nukta 53, kosa alilolifichua mtoto mwenyewe. Mwenye duka alinibadilishia pakiti bila ubishi, na hii mpya nimezifunika kadi zake kwa plastiki.