Maabara ya mifugo upande wa Kabete: peleka kuku aliyekufa akiwa bado freshi

Nianze na agroveti (duka la dawa za mifugo) ya hapa mtaani Kawangware, jina siweki, nyota 1. Nilikuwa na kuku 5 wa mayai nyuma ya nyumba, asubuhi moja naenda kufungua naona mmoja amelala tu chini, hana kidonda, hajaharisha, jana yake alikuwa ametaga na akakula kama kawaida. Kufika agroveti jamaa hata hajauliza kuku alikuwa anakula nini, akanichanganyia antibayotiki na vitamini, 850 bob, "weka kwa maji siku tano". Hakuniambia mayai ya hizo siku hayafai kuliwa, hiyo nilikuja kuskia baadaye wakati tushakula na chapo. Siku ya tisa, kuku mwingine tulikuwa tunamwita Madam naye akafa. Huyo ndio alikuwa mnono wa wote, akitembea lazima umpishe.

Jirani akaniambia si umchinje tu uchemshe. Nikamwambia umchinje aje na ashakufa? Kuku amekufa hujui nini imemuua halafu unaweka sufuriani, hapana.

Sasa maabara. Nilivaa karatasi za plastiki kwa mikono, nikamfunga Madam na zingine mbili, nikaweka kwa friji kule chini, sio friza, kwa sababu akiganda nyama ya ndani inaharibika na hawawezi kusoma vizuri. Saa mbili nikapanda matatu ya Uthiru na kikapu kwa magoti, konda ananiuliza mama umebeba nini, nikamwambia mboga.

Daktari mwenye nilipata alikuwa anaongea na mimi akifanya kazi, na hii ndio imenifanya niandike. Kwanza maswali: wako wangapi, wana umri gani, chanjo ya nyukaso (Newcastle, ule ugonjwa wa kuku) walipata lini, wanakula nini. Akaangalia kilemba, kilikuwa kimepauka kabisa. Kumfungua tumbo, mafuta imejaa ya manjano kama ya kukaanga mandazi ikiganda, na damu imeshikana juu ya ini. Ini yenyewe ilikuwa rangi ya siagi, akiibonyeza na kidole inavunjika. Akanionyesha pia kale katumbo kadogo kenye kako kabla ya firigisi, akasema nyukaso mara nyingi huacha alama za damu hapo na hapa hakuna, lakini akachukua vipande akapime bado.

Kumbe kuku akila vya kunenepesha kupita kiasi ini inajaa mafuta inakuwa laini, halafu kuku akijikaza, hata wakati wa kutaga, inapasuka anavuja damu ndani kwa ndani. Ndio unampata amekufa bila kuonyesha ugonjwa. Hiyo dawa ya 850 ingesaidia nini?

"Anakula nini kingine?" akaniuliza tena. Nikaanza kutaja: ukoko wa ugali, mahindi, chapati zenye mama wa kibanda hubakisha, kijana wangu naye mkate ya chai... daktari akaacha kuandika akaniangalia. Si nilidhani nawapenda.

Wa kwanza sitawahi jua ni nini ilimuua, nilishamtupa. Kama ningempeleka huyo pengine Madam angekuwa ako.

Nyota 5 kwa maabara. Bei haikufika ile ya dawa ya agroveti na nilitoka na jibu, ingawa ripoti ya vile vipande ni ya kungoja. Enda asubuhi mapema siku ya kazi, usimweke kuku siku mbili, na ubebe paketi ya chakula chako wakitaka kuiona. Wale watatu wamebaki sasa wanakula chakula ya leya (ya kuku wa mayai), nusu kilo hata haifiki kwa siku kwa wote, sukuma nimewaning'inizia juu waruke, na wakiniona na sahani ya ugali wanakimbia kwa mlango wanapiga kelele mpaka jirani anauliza kama nawanyima chakula.