Pipa la sheri au pipa la burboni?

Jioni ya Masaki, joto bado limekaba, GlenDronach ya miaka 12 inaweza kukulemea. Wiski hii ya Uskoti imekomaa kwenye mapipa yaliyobeba sheri, mvinyo wa Hispania ulioongezwa kilevi, wa aina za oloroso na Pedro Ximénez, ndiyo maana inanukia zabibu kavu, tende na mdalasini. Ina kilevi asilimia 43. Usiitie barafu, itafunga harufu. Matone machache ya maji yanatosha, kisha subiri kidogo kabla ya kunusa tena.

Glenmorangie Original, nayo ya Uskoti, hukomazwa kwenye mapipa yaliyobeba burboni, wiski ya mahindi kutoka Marekani: vanila, chungwa, nyepesi. Hiyo itie barafu tu (wajuzi watanuna, wanune). Kabla ya mishikaki nachukua hii. Baada yake, GlenDronach bila ubishi.